Wakuu naomba ushauri: seva ya nyumbani ya diski 12, bajeti milioni 1.2

kamera_moja
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Mimi ni mpiga video za harusi, nipo Mbagala. Tangu 2016 kazi zangu zote naziweka kwenye eksteno, sasa zimefika 9, jumla kama TB 27. Zinakaa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, kila moja nimeandika kwa maka peni: SENDOFF 2018, MIX, MIX MPYA, MIX MPYA KABISA. Nimechoka kuchomeka na kuchomoa. Juzi moja imeanza mlio, tik, tik, tik, halafu inanyamaza.

Nataka nijenge seva ya diski 12, kila kitu kikae humo. Nimesoma kuhusu RAIDZ2, mpangilio wa kuunganisha diski nyingi zikawa kama moja, kwamba hata diski mbili zikifa data inabaki. Bajeti yote milioni 1.2. Maswali mawili tu: kesi (kasha) ya kubeba diski 12 napata wapi kwa bei ya kawaida, na programu ipi nzuri, TrueNAS au Unraid? Kompyuta ninayo, Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba.

Matusi sitaki, nina mawazo ya kutosha.

nyuki_mdogo
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kiti.

Bwana Shamba
Harusi za 2016 unazitunza za nini? Nusu yao wameshaachana. Futa, unapata TB 13 za bure.

mama_wawili
Bwana Shamba acha utani wako. Harusi yangu ilikuwa 2017, mpiga video akaja kutuambia diski imekufa. Nilichobaki nacho ni sekunde 40 za WhatsApp, shangazi anacheza, na robo ya picha ni kidole cha aliyeshika simu. Mume wangu mpaka leo akipishana na yule mpiga video barabarani anavuka upande wa pili asije akamsemesha vibaya. Kaka kamera, usifute kitu.

Wakili wa Uswazi
Kosa ni la mpiga video kutokuwa na mkataba. Andika kifungu: "Video mbichi zitatunzwa siku 90 kuanzia tarehe ya makabidhiano." Baada ya hapo mteja akitaka kutunziwa alipie. Tatizo letu kazi tunaifanya kindugu, hela ikigoma tunakumbuka sheria.

Mzee wa Seva
Kijana, umeuliza kesi na programu. Hayo ni ya mwisho. Diski zenyewe ni zipi?

Nauliza kwa sababu wengi huvunja eksteno na kutoa diski za ndani. Zile ndogo za inchi 2.5 siku hizi nyingi ni SMR, mistari ya data inapandiana kama vigae, ukiandika mmoja inabidi uandike na wa jirani. Kwa kutunza tu hazina shida. Kwenye RAIDZ, siku unabadilisha diski iliyokufa, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki na diski nyingine inaweza kutupwa nje katikati. Mwaka 2020 ilibainika kwamba hata WD Red za TB 2 mpaka 6 zilikuwa na SMR bila mnunuzi kuambiwa, na hizo ziliuzwa rasmi kwa kazi hii hii. Sasa sembuse za kwako.

Kama video ukishaziweka huzigusi tena, angalia programu ya SnapRAID. Diski za saizi tofauti inakubali, na ikishindikana kabisa kila diski inasomeka peke yake.

kamera_moja
Asante mzee. Diski zipo, hilo lisikusumbue. Naomba tujikite kwenye kesi na programu.

Mtoto wa Likoni
Ndugu yangu, salamu toka Mombasa. Kesi weka yoyote lakini jihadhari na chumvi. Mimi yangu niliiweka karibu na dirisha linaloangalia baharini, mwaka wa pili nikafungua nikakuta pini zimeota kijani kama mwani. Na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, usikose. Lile giza la nchi nzima la Agosti 2023 lilinikuta katikati ya kunakili, ilibaki kidogo nilie.

Mzee wa Seva
"Diski zipo" si jibu. Zipo zipi? Soma lebo.

kamera_moja
Sawa. Nilishanunua. Kuna jamaa Kariakoo alikuwa na mzigo wa diski za TB 4 zilizotoka kwenye seva za ofisi fulani, 60,000 moja. Nimechukua 12, jumla 720,000. Mpya ya TB 4 mnajua bei yake, kwa hiyo naona nilifanya la maana. Lebo inasema SAS. Nikajaribu kuichomeka kwenye kompyuta haikuingia, jamaa akanipa kiadapta bure, sasa inaingia ila kompyuta haioni kitu. Nadhani ni programu, ndiyo maana nauliza TrueNAS au Unraid.

nyuki_mdogo
Umepigwa na kitu kizito mkuu 😂

Mzee wa Seva
Hajapigwa bado, tulieni.

Kijana, angalia mdomo wa diski. SATA, ile ya kompyuta za kawaida, ina pengo katikati, kati ya sehemu ya data na ya umeme. Yako ni SAS, ya seva, hilo pengo limezibwa, na upande wa pili kuna pini za ziada. Walilizibia makusudi ili usichomeke pale pasipokuhusu. Diski ya SATA inakubali kwenye kadi ya SAS, lakini diski ya SAS haikubali kwenye tundu la SATA hata uipakie mafuta. Hicho kiadapta kimekudanganya umbo tu, lugha hazielewani. TrueNAS wala Unraid haitakusaidia hapo.

Unahitaji kadi. LSI 9211-8i iliyobadilishwa kuwa IT mode, yaani inapitisha diski kwa kompyuta kama zilivyo, za mtumba zipo. Inabeba diski 8, kwa hiyo kwa 12 unataka mbili. Na kompyuta yako ile nyembamba ina pawa saplai ya wati 240. Diski moja ikianza kuzunguka inavuta kama ampea 2 kwenye volti 12. Zidisha kwa 12: wati 288 kabla hujawasha hata prosesa. Itazima kabla hujasema bismillahi. Tafuta minara ya mtumba, zile kompyuta kubwa za maofisi ya wachoraji ramani.

Usije ukanunua waya wa kugawa umeme wenye plastiki iliyomwagwa nzima bila kiungo. Hizo zinaungua, nimeiona moja kwa macho, harufu ilikaa dukani wiki nzima.

Wakili wa Uswazi
Na LUKU je? Mtambo wa wati 140 usiku na mchana ni yuniti 100 kwa mwezi. Kama upo kile kiwango cha watumiaji wadogo mwisho wake ni 75. Ukivuka, sahau shilingi 100 kwa yuniti, na friji ya nyumbani inalipia dhambi za harusi.

kamera_moja
Umeme nitazima nikiwa sifanyi kazi. Kadi na pawa saplai nimeshazipigia hesabu, hela inatokana na zile eksteno za zamani. Kuna mtu nimeshakubaliana naye, anazichukua zote 8 nzima kwa 640,000, elfu 50 ameshatanguliza. Anakuja Jumamosi. Kwa hiyo nahamisha data Ijumaa, naziformat, nampa.

mama_wawili
Yaani unauza nakala uliyonayo ili ununue mahali pa kuiweka?

kamera_moja
Dada, RAIDZ2 inavumilia diski mbili kufa. Hiyo ndiyo bakapu yenyewe.

Mzee wa Seva
Siyo bakapu. RAIDZ2 inakukinga na diski kufa, haikukingi na wewe mwenyewe. Ukifuta folda, imefutika kwenye diski zote 12 kwa mpigo. Radi, mwizi, mtoto kumwaga uji, vilevile. Zile eksteno ndizo bakapu yako. Ukishahamisha, zifunge kwenye nailoni, peleka kwa mama yako.

Paka wa Ilala
Jamani mimi naona mnapoteza muda. HII NI CHAI.

Mtu anayejua RAIDZ2 kwenye mstari wa tano hajui SAS? Mtu ana diski 12 mezani, picha hata moja hajaweka? Nawaambia mwisho wa filamu: wiki ijayo anarudi "wakuu zimekubali, za bei poa, zimebaki 40, njooni inbox". Huyu ndiye jamaa wa Kariakoo mwenyewe.

Na nimepekua nyuzi zake. Machi 2023: "Kuku wangu 300 wa mayai wanadonoana, nifanyeje?" Leo ana harusi za tangu 2016. Kesho atakuwa rubani.

nyuki_mdogo
Nimehamisha kiti mbele.

kamera_moja
Kuku nilikuwa nao kweli. Harusi ni Jumamosi, kuku ni wiki nzima, kwani mtu haruhusiwi kazi mbili? Walikufa 260 ndani ya siku tano, hamkuniuliza.

Bwana Shamba
260 kwa siku tano ni mdondo huo. Walikuwa wanapindisha shingo? Kinyesi cha kijani? Ulichanja?

kamera_moja
Shingo ndiyo. Tafadhali turudi kwenye diski.

Bwana Shamba
Hujajibu la chanjo. Mdondo unachanjwa kila miezi mitatu, siyo mara moja kama ubatizo. Mimi 2019 nilipoteza 400, nikachimba shimo usiku kwa tochi ya simu, asubuhi jirani ananiuliza nazika nini.

Paka wa Ilala
Jibu la chanjo hana kwa sababu kuku hawakuwepo.

Mzee wa Seva
Jambo jepesi. Kijana, kesho leta diski zote Sinza, nina mashine ya kupimia. Kama ni chai tutainywa wote.

Mzee wa Seva (siku mbili baadaye)
Amekuja. Diski 12 kwenye begi la mgongoni, kila moja kaizungushia kanga. Sikuona chai.

Kompyuta ilizitambua lakini ikasema ukubwa sifuri. Hilo nililitarajia: mitambo mingi mikubwa ya ofisini hutumia sekta (vile vipande vya kuwekea data) za baiti 520 badala ya 512. Dawa yake ni programu ya sg_format, unairudisha 512. Diski moja inachukua kama saa nane na nusu, nimeziwasha pamoja zikalala zinaunguruma. Saa za kufanya kazi ni 41,000 hivi kila moja, kwa umri huo siogopi sana. Kumi hazina hata kasoro moja iliyoongezeka. Ya saba ina kasoro 318, na nilipoisoma tena jioni zilikuwa 322. Inaumwa hiyo. Ya kumi na moja imegoma katikati.

Kwa hiyo ni diski 10. RAIDZ2 ya diski 10 ni TB 32, kwa sababu nafasi ya diski mbili ni ya kinga, na yeye ana 27. Imejaa kabla hajaanza.

Bwana Shamba
Nilisema kwenye jibu la pili: FUTA.

Paka wa Ilala
Sawa, kuhusu diski naomba radhi. Kuhusu kuku bado.

mama_wawili
Kaka kamera, mimi kuna kitu hakijakaa sawa. Mwanzo ulisema eksteno 9. Mteja unamuuzia 8. Ya tisa ni ile ya tik tik, sivyo? Mbona huizungumzii tena? Na haraka ya Ijumaa yote hii ni ya nini?

kamera_moja
Ndiyo hiyo.

mama_wawili
Ina nini ndani?

kamera_moja
Harusi ya Oktoba. Bado sijaikabidhi. Kwenye kadi za kamera nilishafuta kwa sababu wiki iliyofuata nilikuwa na kazi nyingine. Bwana harusi amenipigia mara tatu wiki hii, namwambia ipo kwenye kuediti. Nilifikiri nikiwa na seva nitaichomeka humo, labda itasomeka.

nyuki_mdogo
Duh.

Wakili wa Uswazi
Weka kwenye friza masaa mawili, zamani tulikuwa tunafanya hivyo.

Mzee wa Seva
Wakili, rudi kwenye mikataba. Diski ikitoka kwenye friza kwa joto la Dar inatoa jasho kama soda, na jasho hilo linakaa juu ya sahani.

Kijana, usiiwashe tena. Ule mlio ni kichwa kinatafuta njia, kinakosa, kinarudi kujaribu. Kila unapoiwasha kinaweza kukwaruza. Seva ya diski 12 au ya diski mia haitaiponya. Hiyo ni ya fundi wa kufungua diski kwenye chumba safi, na bei yake itakula bajeti yako yote. Ungesema hili siku ya kwanza tusingezungumza kesi.

mama_wawili
Ngoja kwanza. Harusi hukupiga peke yako. Kamera ya pili alishika nani?

kamera_moja
Kijana wangu mmoja anakaa Chanika. Kadi zake huwa nazinakili ukumbini kwenye eksteno ile ile.

mama_wawili
Na yeye huwa anazifuta?

kamera_moja
Sijui. Hajapata kazi tangu Novemba. Nampigia.

Bwana Shamba
Wakati unampigia, chanjo ulichanja mara ngapi?

kamera_moja
Mara moja.

Amepokea. Alikuwa na kadi tatu. Mbili zipo kabatini, amenitumia picha, faili za Oktoba zinaonekana, kanisani na nusu ya ukumbi. Ya tatu, yenye keki na wazazi, aliiazimisha kwa rafiki yake anayepiga picha za pasipoti Kibaha. Nimemwambia amwambie asipige hata picha moja. Nipo stendi ya Mbagala nasubiri gari. Yule mteja wa Jumamosi nimemrudishia elfu 50 yake, hajajibu.