Taarifa za hitilafu za mitandao ya vituo vya afya: ziende Nairobi au zibaki Kisumu?

Fundi wa mtandao, Kisumu:

Ndugu zangu, naleta jambo hili hadharani kwa sababu pesa zinazotumika ni za mlipa kodi, na mtandao ukikatika anayeumia ni mgonjwa aliye kwenye foleni.

Ninatunza rauta na swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta na mtandao, za vituo kadhaa vya afya hapa mjini na pembezoni. Ndani ya kila kifaa kuna mstari mfupi unaokiambia: ukipatwa na shida, mwambie huyu. Unaandika anwani ya seva (kompyuta inayopokea taarifa), toleo la SNMP (lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kuripoti hali yao) na neno la siri, basi. Baada ya hapo, kiungo kikianguka, UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ikianza kula betri au kifaa kikijiwasha upya, taarifa tunayoiita trapu hutumwa mara moja hadi poti 162, namba ya mlango wa kupokelea, ya seva hiyo. Sasa tumeagizwa tubadilishe mistari yote, kila trapu iende kwenye seva ya mwanakandarasi aliyeko Nairobi, na ya kwetu izimwe. Ninapinga.

Kituo kimoja kilitangulia kwa majaribio. Siku moja wachimba mtaro wakakata faiba inayotoka Kisumu kwenda Nairobi. Humu mjini vituo vyetu vimeunganishwa kwa redio zetu wenyewe, kwa hiyo sisi kwa sisi tulikuwa tunaonana vizuri. Jioni hiyo stima ikapotea kwenye maabara ya kile kituo. UPS ikalia, ikatuma trapu kwamba inatumia betri. Ilituma wapi? Nairobi, kupitia faiba iliyokwisha katwa. Trapu husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data bila kuhakikisha imefika, haidai jibu. Ikishatoka, kifaa kimemaliza kazi yake. Betri ikaisha, swichi ikazima, na majibu ya vipimo yakabebwa kwa miguu wodi hadi wodi usiku kucha. Mimi nilikuwa ofisini, kilomita mbili tu kutoka pale, jenereta ndogo ikiwa stoo. Hakuna aliyeniambia.

Hilo ndilo linaloniuma. Habari ya jirani ilipelekwa safari ya zaidi ya kilomita 300 kabla ya kumfikia jirani.

Mchangiaji, Nakuru:

Kaka, pole kwa usiku huo. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, kwenye chumba cha uangalizi, na naomba unisikilize. Katika kaunti nyingi nilizoziona, seva imewekwa chini ya meza ya mtu. Mwenye meza akienda likizo, inaendelea kupokea trapu ambazo hazisomwi. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, seva za namna hiyo zilizima pamoja na vifaa zilivyokuwa zikivilinda. Chumba cha pamoja kina watu wa zamu saa 24 na umeme wa akiba. Halafu hiyo hoja ya UDP ina dawa: acha trapu, tumia infomu. Imo tangu toleo la pili la SNMP. Kifaa kinasubiri jibu, kisipolipata kinatuma tena.

Muuguzi, Nyakach:

Mimi si fundi. Ninachotaka kujua ni kimoja: mfumo ukizima saa nane usiku, nani anajua kabla yangu? Mpaka leo mimi ndiye ninayepiga simu, tena kwa salio langu.

Mchangiaji, Kakamega:

Dada muuguzi ameuliza swali ambalo sisi mafundi tunalizunguka. Huku kwetu radi haitupi nafasi ya kubishana. Mvua ya alasiri moja inaweza kuunguza poti tatu za kuchomekea waya. Nasema hivi: kwa nini tuchague? Kifaa kinaweza kupewa wapokeaji wawili au zaidi. Andika Kisumu, andika na Nairobi.

Ila angalieni mambo mawili. Toleo la 2c la SNMP, linalotumika sana, hupeleka lile neno la siri waziwazi, na kwenye vifaa vingi bado ni “public” kama kilivyotoka kiwandani. Ndani ya redio zenu inavumilika, lakini kulipitisha mitandao ya watu hadi Nairobi ni kumwachia mpita njia ufunguo. Tumieni toleo la tatu, lenye uthibitisho wa anayetuma na usimbaji, yaani kuficha ujumbe usisomwe njiani. Na hapo ndipo mafundi wengi hukwama: kwa trapu ya toleo la tatu, kitambulisho cha injini (alama ya pekee ya kila kifaa au seva ya SNMP) kinachotumika ni cha kifaa kinachotuma, kwa infomu, ni cha seva inayopokea. Ukikosea hapo, taarifa inafika na kutupwa kimyakimya, nawe unadhani mambo ni shwari. Mimi nilidhani hivyo kwa wiki mbili.

Mchangiaji, Busia:

Mbona tusiweke yote kwenye wingu la ng'ambo? Nafuu, na halizimi.

Fundi wa mtandao, Kisumu:

Wa Busia, wingu lenyewe huenda lisizime, lakini njia ya kulifikia hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Siwezi kuomba habari ya maabara ya Kisumu izunguke bahari kwanza.

Kaka wa Nakuru, kuhusu infomu umesema kweli, na mimi nitazitumia. Lakini kifaa hurudia mara chache tu kisha hukata tamaa, na kinachosubiri kimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya muda. Faiba yetu ilikatika kwa saa nyingi, na swichi yenyewe ikazima katikati. Infomu isingevuka usiku ule. Kuhusu seva ya chini ya meza, hapo umenigusa. Yetu ilikuwa hivyo. Sasa nimeihamishia kwenye kompyuta ndogo inayokula umeme kidogo, yenye betri yake na modemu ya laini ya simu. Trapu nzito ikiingia, inatuma SMS kwa simu mbili, yangu na ya mwenzangu wa zamu, bila kugusa faiba. Dada wa Nyakach, hilo ndilo jibu langu kwako: saa nane usiku ninapaswa kuamshwa mimi, wewe ubaki na mgonjwa.

Kuna kitu kimoja ambacho Nairobi inakiona kuliko sisi. Kifaa kilichokufa hakitumi trapu. Kituo kizima kikipotea, pamoja na seva yetu, anayeweza kugundua ni aliye nje, anayeviuliza vifaa kila baada ya dakika chache kupitia poti 161 na kushtuka visipojibu. Kazi hiyo naiachia Nakuru na Nairobi kwa moyo mweupe, pamoja na nakala ya trapu zote kwa toleo la tatu. Ninachokataa ni kuzimwa kwa mpokeaji wa hapa. Na mkataba uandike kwamba kumbukumbu za trapu ni mali ya kaunti, maana ndani yake mna anwani na majina ya vifaa vyetu. Ni ramani ya nyumba yetu.

Mchangiaji, Nakuru:

Mpokeaji wa kwanza Kisumu, sisi tuulize na kupokea nakala. Hilo naweza kulitetea kikaoni, lakini wataniuliza ushahidi.

Fundi wa mtandao, Kisumu:

Jumamosi nitachomoa waya unaokwenda Nairobi kwa saa moja, kisha nizime stima ya swichi ya ofisini kwangu ili UPS yake ianze kula betri. Nitaandika kila taarifa iliyofika, ilifika wapi na saa ngapi. Nawe andika za upande wako, tuziweke hapa bega kwa bega.