Mjadala: Je, haki inaruhusu asiye na hatia kuadhibiwa badala ya mkosaji?

Mtoa mada:
Ndugu wachangiaji, fundisho kwamba Kristo alibeba msalabani adhabu iliyotustahili sisi lilishambuliwa vikali na Mwitalia Fausto Sozzini katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1594. Alihoji kwamba deni la fedha laweza kulipwa na mtu yeyote, lakini adhabu ni ya aliyekosa peke yake. Tena, ikiwa Mungu amekwisha kulipwa kikamilifu, amesamehe nini? Mwaka 1617 mwanasheria Mholanzi Hugo Grotius alijibu kwamba Mungu hapa si mdai bali ni mtawala, anayeweza kulegeza sheria ilimradi uzito wake uonekane hadharani. Kwa maoni yangu amekwepa, maana mtawala anayemtesa asiye na hatia ili raia waiheshimu sheria hatumwiti mwenye haki, hata kama anayeteswa ameridhia.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa mada, umesahau faini. Mwanafalsafa wa Marekani David Lewis, ambaye hata hakuwa Mkristo, alionyesha mwaka 1997 kwamba sisi tusiokubali mtu afungwe kwa niaba ya mwingine hatushtuki rafiki anapomlipia mkosaji faini, ingawa faini nayo ni adhabu. Na Isaya 53 yasema wazi: "Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake."

Mtoa mada:
Mfano wa faini naukubali, lakini Lewis aliutumia kuonyesha kwamba fikra zetu sote zimegawanyika, na mgawanyiko huo hauthibitishi fundisho lolote. Mimi naegemea kwa askofu mkuu Anselm wa Canterbury, ambaye wengi humchanganya bila sababu na watetezi wa fundisho kwamba Kristo aliadhibiwa badala yetu. Katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098 alisema kwamba dhambi hudai moja kati ya mawili, ama adhabu, ama malipo yanayomrudishia Mungu heshima yake. Naye Kristo, kwa kuutoa uhai ambao hakuwiwa kuutoa kwa sababu hakutenda dhambi, alileta malipo yaliyoifanya adhabu isihitajike. Hapo hakuna aliyeadhibiwa kwa niaba ya mwenzake. Andiko la Isaya ni zito, sikatai, ila mstari wa 10 wa sura hiyo hiyo waitaja nafsi yake kuwa dhabihu kwa dhambi, na mtoa dhabihu hamwadhibu mnyama anayemtoa. Kinachonisumbua ni nusu ya pili ya hoja ya Sozzini, yaani Mungu amesamehe nini ikiwa amekwisha kulipwa, kwani Anselm naye anafundisha kwamba malipo yalikamilika. Mwenye jibu la hilo alilete.