Technician na Morse, au niruke moja kwa moja General?

Mkesha_wa_Ghala
Wakuu, habari za leo. Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Nimejisomea maswali ya leseni ya Technician, daraja la kwanza la redio ya ridhaa hapa Marekani, na sasa nikijipima sikosi zaidi ya manne kwa 35 (pasi ni 26). Shida yangu ni kwamba sitaki redio ya mkononi ya kuongea na jirani. Nataka nisikike nyumbani Afrika Mashariki. Naishi ghorofa ya tatu, mwenye nyumba hataki kuona waya nje, kwa hiyo antena nitaibanabana dirishani na wati zitakuwa chache.

Naona njia mbili: nibaki Technician nijifunze Morse (ile lugha ya nukta na vistari), au nisote miezi miwili zaidi nipate General, daraja linalofuata, nipige sauti. Jamaa mmoja wa klabu ananiambia Morse ilishafutwa kwenye mtihani, nisijisumbue. Ni kweli?

FundiSolda
Kweli tupu. Huko Marekani Morse iliondoka kwenye mtihani tarehe 23 Februari 2007. Zamani ilikuwa balaa: daraja la juu maneno 20 kwa dakika, General 13. Mwaka 2000 wakashusha yote hadi 5, halafu wakafuta kabisa. Chanzo ni mkutano wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, Geneva, 2003, ulioachia kila nchi iamue yenyewe. Uingereza na Ujerumani hawakungoja hata mwaka uishe.

Ushauri wangu: General, kisha FT8, yaani ujumbe mfupi wa kidijitali. Kompyuta inasikiliza kwa niaba yako. Ishara ina upana wa Hz 50 hivi, kila zamu sekunde 15, na inanasa kitu ambacho sikio lako litaapa hakipo. Kwa antena ya dirishani hakuna kinachoishinda.

Binti_Antena
Fundi, umejibu swali la mtihani. La leseni umeliruka.

Mkesha, leseni ya Technician inakupa vipande vya bendi (masafa) za mita 80, 40 na 15 kwa Morse TU. Hakuna sauti humo, hakuna FT8. Mita 15, kwa mfano, ni kuanzia 21.025 hadi 21.200 MHz, na mwisho wa nguvu ni wati 200. Kwa hiyo hakuna atakayekupima Morse, lakini usipoijua bendi hizo tatu zimekufungia mlango. Mita 10 ndiyo yenye nafuu: sauti ruksa 28.300 hadi 28.500, na FT8 yake iko 28.074, ndani ya haki zako. Ila mita 10 ni ya msimu. Jua likiwa na madoa mengi utafika Nairobi kwa waya wa nguo. Yakipungua inalala miezi.

Halafu hiyo miezi miwili umeitoa wapi? Ukifaulu Technician, omba kujaribu General kikao hicho hicho, hawakutozi ada nyingine ya mtihani. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, wao wanachukua dola 35 zao za leseni, basi. Maswali yote yako wazi, yasome kama ulivyosoma haya.

Mlio Tanzania na Kenya msinakili haya: vipande vya bendi kwenu ni kwa masharti ya TCRA na CA, siyo FCC.

Mkesha_wa_Ghala
Aisee, hilo la mita 15 hakuna aliyewahi kuniambia. Niongeze jambo moja ambalo naona aibu kidogo. Sauti inanitia woga. Nilikaribishwa kwenye kituo cha klabu nikashika maiki, nikarudia jina la mji mara nne, jamaa wa upande wa pili haelewi lafudhi yangu. Mwishowe mwenyeji akanipokonya maiki kwa upole. Ule upole ndio ulioniuma.

MzeeWaMawimbi
Pole mwanangu. Kwenye Morse hakuna lafudhi. Mjapani, Mrusi na mimi wa Mombasa wote tunasema 599 (nakusikia vizuri) na 73 (salamu za heri), na Q chache kama QTH (mahali nilipo) na QRZ (nani ananiita).

Nilikuwa afisa wa redio melini. Saa ya chumba chetu ilikuwa na vipande viwili vyekundu, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48. Mshale ukigusa wekundu, mkono unatoka kwenye kitufe. Hakuna kugonga 500 kHz, masafa ya dharura, wote tunasikiliza kama kuna anayezama. Tarehe 1 Februari 1999 GMDSS, mfumo mpya wa dharura wa meli, ikashika kazi yote na sisi tukashuka ngazi. Kwa hiyo simwambii mtu Morse ni ya lazima. Mimi ndiye niliyeachishwa nayo.

Nikueleze tu faida yake kwako. Sauti ya SSB, mtindo wa kawaida wa kuongea kwenye bendi hizi, inataka karibu kHz 2.5, Morse inatosheka na Hz mia na kitu. Wati 5 zako, badala ya kutawanywa, zinabanwa mahali pembamba. Usijifunze kwa chati wala kwa kuhesabu nukta. Sikiliza herufi mbili, K na M, kwa kasi ya maneno 20 tangu siku ya kwanza, ukipata tisa kwa kumi ongeza ya tatu. Wanaohesabu hukwama hapahapa kwetu: Tanzania ni 5H, nukta tano kisha nukta nne. Utahesabu mpaka lini?

FundiSolda
Shikamoo mzee. Sipingi. Lakini mtu wa zamu ya usiku atapata wapi nusu saa kila siku kwa miezi mitano? FT8 anaiwasha Jumamosi, jioni ana nchi kumi. Nakubali mazungumzo yenyewe ni alama za vituo (majina yao ya hewani), eneo na nguvu ya ishara, kwisha. Hujui hata jina la mtu.

Binti_Antena
Na ndiyo maana mimi natumia zote. Mkesha, na sauti usiitupe: Kiswahili hewani ni ruksa kabisa, sharti la FCC ni alama ya kituo chako tu uitaje kwa Kiingereza. Ukiipata 5Z (Kenya) au 5H, lafudhi yako ndiyo itakuwa ya kawaida 😄

MzeeWaMawimbi
Kabla hujanunua kitu, azima kipokezi usikilize 14.100 MHz. Kuna vituo 18 vya ishara duniani vinapokezana hapo, kila kimoja sekunde 10, na kimoja ni 5Z4B cha Kenya. Kinataja jina lake kwa Morse, maneno 22 kwa dakika, halafu vistari vinne virefu: wati 100, 10, 1, na sehemu ya kumi ya wati. Hesabu umesikia vingapi. Kwenu saa 4 asubuhi, majira ya baridi, huku ni saa 12 jioni. Jaribu hapo, na pia 21.150.

Mkesha_wa_Ghala
Nimerudi. Jumapili, 21.150, nimetoka kazini macho mekundu. NIMEKISIKIA! Nukta nne na kistari, kisha kistari, nukta mbili, kistari. Halafu virefu viwili, cha pili kama mbu. Kenya hiyo, mzee?

MzeeWaMawimbi
Hiyo ni 4X, mwanangu. Tel Aviv. Kenya ilipita sekunde kumi kabla yake. Rudi kesho, uanze kusikiliza mapema kidogo.