Mrejesho: Mtaro wetu wa Nyalenda

Habari zenu ndugu. Niliwauliza mtu afanyeje asikate tamaa, ilhali mtaro wa ploti yetu hapa Nyalenda, Kisumu, umejaa chupa, na mvua ikinyesha uchafu unaelekea Mto Auji hadi ziwani. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kuanza na kipande cha mbele ya mlango wangu tu, bila kuitisha mkutano. Watoto ndio waliokuja kwanza, kisha mama mboga wa kona akaleta reki yake. Dada uliyesema tutundike gunia la chupa kando ya kibanda cha mama mboga, Mungu akubariki: likijaa, kijana wa mkokoteni hulichukua akauze. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwetu sasa chupa ndizo zinazoziba.

Barua kwa mwenye ploti haijajibiwa, na miche tuliyopanda ililiwa na mbuzi. Mvua ikiwa kubwa, taka za juu bado hutufikia. Lakini maji yanapita, hayaingii tena jikoni kwa jirani, nami nimepata nguvu ya kuendelea. Atakayejaribu: gunia lifungwe kwenye nguzo, mdomo wazi. Likiachwa chini, watu hutupia maganda ya ndizi na majivu.