Tupeane uzoefu: seva ya gemu ilikulalia saa ngapi, na ikakugharimu nini? (Chuga, yaani Arusha, na Moshi njooni)

Mleta mada, wa mtaa wa Sakina

Wakuu habari za asubuhi. Leo Alhamisi, niko ofu, chai ya maziwa mezani, chapati mbili, simu imejaa chaji. Nafungua gemu la mpira: seva, ile kompyuta yao inayoendesha gemu, iko kwenye matengenezo hadi saa tano. Siku moja niliyonayo kwa wiki ndiyo hiyo hiyo waliyoichagua wao, na ni kila wiki.

Mara ya kwanza nilidhani simu yangu ina tatizo. Nikafuta gemu, nikapakua upya, GB 2 zikaenda na maji. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, si ungeuliza kwanza?" Kumbe ningetulia tu lingefunguka lenyewe.

Leteni visa vyenu. Majina ya makampuni tuyaache, uzi usije ukafungwa bure.

Chalii wa Unga Ltd

Yangu ni ya Nane Nane ya 2024. Ilidondokea Alhamisi. Wakubwa wameenda maonyesho Themi, sisi tukapanga ligi ya simu kwenye kibaraza cha kinyozi. Watu 16, kiingilio buku tatu, jumla 48,000. Tukaambizana saa tatu kamili, na saa tatu kamili wote 16 tupo, jambo ambalo Arusha huwa halitokei.

Benchi zima simu zinaonyesha tangazo moja. Kuna dogo wa Kwa Mrombo alikuwa anabonyeza "jaribu tena" kwa kidole gumba, taratibu, bila kusema neno, kama bibi anayesali rozari. Saa nne njaa ikaingia. Mtunza hela akasema tule kwanza, tutarudishia. Chipsi mayai 16 kwa 2,500, piga hesabu mwenyewe.

Seva ilirudi saa tano na dakika kadhaa, tukacheza hadi jioni. Bingwa akakabidhiwa 8,000 na kunyolewa bure. Mpaka leo tukikutana soko la Kilombero ananiita Chipsi.

Mzee wa kete

Njooni drafti. Kete hazijawahi kuomba apdeti.

Wa Pasua, Moshi

Nyie mnalia mchana. Mimi nilikuwa nanunua bando la usiku, lile linaloanza saa sita usiku na kufa alfajiri. Bei poa, GB za kumwaga, lakini lazima ukeshe. Julai, baridi ya mlima imeshuka, nimejifunika blanketi mpaka kichwani, mwanga wa simu umo humo humo ndani. Saa saba hivi, gemu linafungwa mpaka asubuhi. Bando langu na matengenezo yao vilikuwa vinaisha karibu pamoja, kama waliopanga.

Sasa GB zote zile na hakuna pa kuzipeleka. Nilipakua mitihani ya zamani ya Jiografia ya kidato cha sita, si kwa kupenda. Mama akasukuma mlango, akaona blanketi linawaka, akasema, "Mwanangu unajituma, ila usiumize macho." Sikumjibu kitu. Hiyo baraka niliipokea vile vile ilivyokuja.

Dada wa Kiboriloni

Mimi kosa langu ni kusoma saa. Tangazo liliandikwa 06:00. Nikajua ni saa kumi na mbili asubuhi. Kumi na mbili ikapita, saa moja ikapita, nacheza freshi kabisa, nikasema wameahirisha. Nikaingia mechi ya kupanda daraja. Dakika ya 88 naongoza 2-1, saa tatu kamili, nikatupwa nje. Kurudi baadaye nakuta nimeandikiwa nimepoteza 3-0 kwa kukimbia mechi.

Kukimbia! Mimi ambaye nilikuwa nimeshaanza kuupitisha mpira pembeni nikisubiri filimbi.

Fundi wa Njiro

Dada, pole. Ile 06:00 ilikuwa ya UTC, ile saa ya kimataifa, na matangazo mengi yanakuja hivyo. Kuna njia ya mkato, ikariri. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, lakini saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa 6. Ukizikutanisha, chukua namba ya UTC utoe 3, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 06:00 toa 3, saa tatu asubuhi. 11:00 toa 3, saa nane mchana. Namba ikiwa 3 au chini yake, ongeza 12 kwanza: 02:00 inakuwa 14, toa 3, saa kumi na moja alfajiri. Jibu likizidi 12, toa 12: 22:00 ni 19, ni saa saba usiku.

Halafu niwatetee kidogo watu wa seva, maana mimi kazi yangu ni hiyo, ingawa zangu ni za ofisi. Programu inayowaka mchana na usiku bila kupumzishwa inajaza kumbukumbu, inaanza kuburuta. Hifadhidata yenye timu zenu na sarafu zenu, kuna marekebisho yanayotaka asiwepo anayeandika ndani yake. La sivyo utauza mchezaji na bado ubaki naye. Na toleo jipya linatakiwa lifike kwa wote kwa mpigo, kwa sababu mwenye la jana na mwenye la leo hawawezi kukutana uwanja mmoja.

Wanapenda katikati ya wiki ili ikiharibika mafundi wawe kazini. Gemu la World of Warcraft kwa miaka mingi huzimwa Jumanne kwa Marekani, Jumatano kwa Ulaya. Saa nayo inapangwa kwa kuangalia wateja wao wengi wamelala lini. Huku kwetu mara nyingi tunapachikwa seva za Ulaya au za Uarabuni, kwa hiyo usiku unaoheshimiwa ni wa wenzetu. Hapo siwatetei.

Mwalimu wa hesabu, Majengo

Hiyo ya kutoa 3 nimeijaribu kwa saa zote 24. Iko sawa. Naipeleka darasani.

Mapokezi, zamu ya usiku, karibu na Mnara wa Saa

Mimi nacheza EVE Online, lile la meli za angani la watu wa Iceland. Lina dunia moja ya wote, China tu ndio wana yao, na linazimwa kila siku ya Mungu saa 11:00 UTC. Toa 3. Zamani ilikuwa inafika saa nzima, siku hizi ni dakika chache tu.

Natoka kazini saa moja asubuhi, nalala, naamka saa saba. Nacheza saa moja tu, linazimwa. Wengine wangekasirika, mimi nimelifanya kengele ya chakula. Saa nane kasoro tano naegesha meli kituoni, nashuka ngazi, mama ntilie akiniona tu anaanza kupakua wali maharage. Siku moja nilichelewa akauliza, "Leo haijazimwa?" Hajui nini kinazimwa. Anajua tu kitu fulani huzimwa.

Tofauti ni kwamba lile halibahatishi. Ratiba ikijulikana, mtu unajipanga.

Dereva wa watalii

Ratiba ijulikane, sawa, lakini kuna sisi tusio na mtandao wa kuisoma. Nilikuwa na gemu linalotoa zawadi ukiingia kila siku bila kuruka. Nilifika siku ya 94. Niko Serengeti, siku nzima hakuna hata nukta moja ya mtandao, ila kuna kilima tunachokijua madereva. Nikawasimamisha wageni hapo, nikawaambia mandhari ni nzuri, pigeni picha. Ni nzuri kweli, sikudanganya.

Nikapanda juu ya bampa, mkono hewani, nukta mbili zikaingia. Nafungua gemu: matengenezo, rudi baada ya muda wa saa 4. Baada ya saa 4 tutakuwa kambini bondeni. Nilibaki nimesimama juu ya bampa. Mama mmoja mgeni akaja akanigusa bega, akauliza kama nyumbani kuna msiba.

Nikamwambia hapana, ni mambo ya kazi.

Wa Soweto, Moshi

@Dereva 😂😂 ungekubali tu, labda ungepata rambirambi.

Mkongwe wa PlayStation, Ngarenaro

Nyie watoto. Aprili 2011 PlayStation Network, mtandao wa kuchezea wa PlayStation, ilizimwa tarehe 20, ikaanza kurudi katikati ya Mei. Zaidi ya wiki tatu. Watu waliokuwa wakijaribu kuingia waliambiwa ni matengenezo. Kumbe kulivunjwa na wadukuzi, taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini. Tangu hapo neno hilo nikilisoma kwenye skrini huwa nauliza mara mbili.

Wa Mianzini

Mimi kinyume chake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilitukana seva kuanzia asubuhi. Jioni ndiyo nasikia ni nyaya za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zimekatika, na Afrika Mashariki karibu yote inachechemea. Seva ilikuwa mzima wa afya, inanisubiri mimi. Niliyoyasema nayafuta.

Dada wa Kiboriloni

Kwani fidia je? Mimi 3-0 yangu naidai nani?

Fundi wa Njiro

Inategemea na gemu. Genshin Impact wana utaratibu unaoeleweka: matengenezo ya toleo jipya huwa yanachukua muda wa saa 5, wanatoa primogem, vito vya ndani ya gemu, 60 kwa kila saa, jumla 300. Kuvuta bahati nasibu ya gemu mara moja ni 160, kwa hiyo 300 haifikii hata mara mbili, lakini inakuja bila kuomba. Final Fantasy XIV Desemba 2021 seva zilifurika watu mpaka wakasimamisha kuuza gemu, na waliokuwa wanalipia wakaongezewa siku 21 bure.

Wa Pasua, Moshi

Fidia ya bando la usiku hakuna anayetoa lakini. Gemu watasema bando si letu, wa bando watasema gemu si letu. Nilijaribu kupiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki dakika 11, na yule dada akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani ulishindwa kulitumia kwa kitu kingine?" Nikakumbuka Jiografia, nikakata simu.

Chalii wa Unga Ltd

Mleta mada vipi, saa tano imefika, imefunguka?

Mleta mada, Sakina

Imefunguka. Inataka nipakue GB 1.3 kwanza. Nina MB 400.