Wenye tovuti za biashara ndogo, nini kiliwaletea wateja kutoka Google na nini kiliwaumiza? Tupeane uzoefu

Mzee wa Geji
Wakuu habari za jioni. Jirani yangu wa dukani hapa Mwanza ametoa tena hela kwa jamaa aliyemhakikishia "wiki mbili tu uko namba moja Google". Roho imeniuma. Google wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja, na bado mitaji yetu inaishia huko. Basi tuelezane yaliyotukuta, kila mtu na yake.

Naanza. Kwangu ni vifaa vya ujenzi, hasa mabati. Tovuti ilikuwepo ila simu hazikutoka huko. Orodha ya bei fundi aliipandisha kama picha ya karatasi, na maelezo yote Kiingereza kizito. Mpwa wangu akatuunganisha na Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ni ya bure, inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google hadi tovuti yako ikajitokeza. Tukakaa tunasoma moja moja: "bei ya bati za msauzi geji 28". "bati geji 30 bei gani". "nyumba vyumba vitatu inaingia bati ngapi". Yaani yale yale wanayouliza wakisimama kaunta, na tovuti haikuyajibu popote! Tukaandika upya kwa Kiswahili cha dukani: kila geji, migongo mipana na midogo, bei ya mita, tarehe bei ilipobadilishwa, na linki ya kufungua WhatsApp moja kwa moja. Ukurasa wa "bati ngapi" tukaeleza mpaka namna bati zinavyolaliana, kwamba upana unaonunua si wote unaofunika paa. Huo ndio unaoleta watu mpaka leo. Wiki hii amepiga Mtanzania aliyeko Muscat, anajenga kwao Ilemela, kausoma akiwa zamu ya usiku na mzigo kaagiza.

Nani anafuata?

Keki za Mama Nuru
Mkuu umegusa penyewe. Bei iandikwe! Hii ya "bei njoo DM" inafukuza watu.

Mkweli Daima
Tovuti kwa duka la mtaani ni kupoteza hela. Watu wako Instagram na WhatsApp. Nauza viatu Kariakoo, sijawahi kuwa na tovuti na mzigo unaisha.

Mzee wa Geji
Kiatu mtu anakiona pichani anakitamani. Bati hakuna anayelitamani, analitafuta siku anayotaka kuezeka. Hapo ndipo Google inapoingia.

Mkweli Daima
Sawa mzee wangu, ila msimwambie mwenye mtaji wa laki tano aanze na tovuti. Mtamuua.

Chalii wa Njiro
Hapo kwenye kuumizwa mmenikumbusha mbali. Kampuni yetu ya utalii hapa Arusha ilimpa mtu kazi ya matangazo ya kulipia ya Google. Ripoti zinapendeza, mibofyo mingi, barua pepe za wageni hakuna. Bajeti ya siku inaisha kabla ya saa sita mchana. Tulipomlazimisha atuonyeshe maneno yaliyotafutwa, nilitaka kulia. Kaweka neno "safari" peke yake, wazi kabisa, bila mipaka. Waliobofya walikuwa wanatafuta namna ya kupakua Safari, ile programu ya Apple ya kuperuzi kwenye iPhone! Tumewalipia wote hao.

Kuna sehemu ya kuweka maneno usiyoyataka, jaza mapema. Halafu kagua mpangilio wa eneo: ukiuacha ulivyokuja, tangazo linakwenda pia kwa watu walioonyesha tu kupendezwa na eneo lako hata kama wako mbali. Kwa utalii hiyo ni nzuri. Kwa saluni ya Njiro ni kuchoma hela. Na kulipia matangazo hakukupandishi hata nafasi moja kwenye matokeo ya kawaida, msidanganywe.

Keki za Mama Nuru
Pole sana kaka. Mimi mwenyewe nilikuwa najua ukilipa unapanda.

Bibie wa Paje
Assalaam aleikum. Haya yangu sijawahi kuyaandika popote, leo nayatoa.

Tuna nyumba ndogo ya wageni hapa Paje, Unguja. Tovuti ilikuwa inatuletea wageni wa moja kwa moja, wale ambao hukatwi kamisheni na mawakala wa mtandaoni. Karibu na msimu wa Julai, mgeni wetu wa kila mwaka kutoka Ujerumani akanitumia picha ya skrini, kauliza "hii bado ni nyumba yenu?" Jina letu lipo pale Google, anwani yetu ipo, na chini yake maandishi ya Kijapani na bei za yen. Mikoba na saa! Mikono ilinitetemeka. Nikafungua tovuti kwenye simu yangu: vyumba vyetu, vitanda vyetu, bahari yetu, kila kitu sawasawa. Nikampigia fundi, naye kafungua, kasema "mbona iko vizuri dada, huyo mgeni simu yake ina virusi".

Nikawa naamka usiku naandika jina letu Google, nayaona yale maandishi, nalia. Simu za wageni zikakatika. Mume wangu akaanza kusema tuirudishe nyumba yote kwa mawakala.

Akaja kijana mwingine, mtoto wa jirani yetu Jambiani. Kaandika Google neno site, nukta mbili, halafu anwani yetu. Zikaja kurasa kwa maelfu ndani ya tovuti yetu, zote za Kijapani. Akanieleza kwamba huu ni wizi unaojulikana: Google ikija inaonyeshwa maduka yao, mwenye nyumba akija anaonyeshwa nyumba yake. Kisha tukafungua Search Console. Kwenye orodha ya wamiliki, chini ya jina langu, ipo barua pepe ya mtu tusiyemjua. Mmiliki kamili, sawa na mimi.

Chalii wa Njiro
Duh! Bibie usiishie hapo.

Mama Kitenge
Nimeweka kambi hapa na chai yangu.

Keki za Mama Nuru
Mwendelezo dada, ikawaje?

Bibie wa Paje
Samahani, umeme ulikatika. Tukamtoa yule mmiliki, akarudi! Kumbe kaacha faili la uthibitisho ndani ya tovuti, na likiwemo yeye hukubaliwa tena. Mlango walioingilia ni muundo wa kulipia (theme, ule unaopanga mwonekano wa tovuti) ambao fundi wetu wa kwanza aliupakua bure sehemu za wizi, ukaja na mambo yake ndani. Mtoto wa jirani akafuta kila kitu, kaweka WordPress mpya (ile programu inayoendesha tovuti) kutoka kwao wenyewe, akarudisha maandishi na picha zetu tu. Nywila zote zikabadilishwa, watumiaji tusiowajua wakafutwa, faili lile likaondolewa, ndipo tukaomba Google wakague upya. Onyo la Google liliondoka, ila zile kurasa za Kijapani zilichukua miezi kutoweka kwenye matokeo. Msimu ule ulikwenda hivyo. Alhamdulillah, wageni wamerudi.

Developa Njaa
Pole dada, kweli inaumiza. Ila tuseme ukweli na upande wa pili. Mteja anakuja na laki na nusu, anataka tovuti, hosti ya mwaka (mahali tovuti inapokaa mtandaoni), nembo, na awe wa kwanza Google. Muundo halali una bei yake, akitajiwa anakimbia. Mafundi wengine wanaingia kwenye ya wizi kwa sababu hiyo.

Mama Kitenge
Hapana mdogo wangu, hilo silikubali. Aseme "hela hii haitoshi", si kumwekea mtu mwizi ndani. Na fundi wangu mimi alisajili domeni, yaani anwani ya tovuti, kwa jina lake, barua pepe yake. Tulipokosana ikaisha muda na yeye hapokei simu. Mabango, kadi za biashara, mifuko ya kufungia vitenge, vyote vina anwani ambayo si yetu tena.

Developa Njaa
Huyo ni tapeli, sio fundi. Domeni isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, hata kama anayelipia kwa niaba yako ni mimi. Hilo nalisimamia.

Mtu wa Trafiki
Mnajisumbua. Nunueni linki za tovuti nyingine zinazoelekeza kwenu, chukua akili mnemba ikuandikie makala mia kwa siku, mtapanda.

Developa Njaa
Ndugu usipotoshe watu. Linki za kununua Google ilizibana zaidi mwaka 2012 kwa mabadiliko ya mfumo wake yaitwayo Penguin. Na Machi 2024 wameweka sera dhidi ya makala za kumwaga kwa wingi ili kupanda tu, ziwe za mashine au za mtu.

Mtu wa Trafiki
Mimi zinanilipa.

Mkweli Daima
Leo. Tuulize mwakani.

Fundi Friji Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi sina tovuti, natumia ule wasifu wa biashara wa Google unaotokea kwenye ramani. Zamani kuthibitisha ilikuwa balaa, wanatuma kadi ya posta na sisi anwani ni sanduku la barua, kadi haifiki. Sasa wengi wetu tunathibitisha kwa video: unaonyesha barabara, bango la duka, kisha unafungua mlango na ufunguo wako mwenyewe. Pini yangu ilikuwa imekaa upande wa pili wa feri, wateja wanavuka bure wakinitafuta! Nilipoisogeza mahali pake simu zikaanza. Kila nikitengeneza friji namtumia mteja linki ya maoni kabla sijatoka jikoni kwake.

Mama Kitenge
Mpe punguzo aweke nyota tano, watafurika.

Fundi Friji Likoni
Hapana dada yangu, kumpa mtu zawadi au punguzo kwa ajili ya maoni ni kinyume cha sheria zao, yanaweza kufutwa. Omba tu kwa heshima. Na jibu hata anayelalamika, wanaofuata wanasoma.

Keki za Mama Nuru
Bibie wa Paje, hiyo orodha ya wamiliki naiona wapi? Nimeingiwa na hofu.

Bibie wa Paje
Ingia Search Console, fungua mipangilio, kisha watumiaji na ruhusa. Soma kila barua pepe pole pole, zingine zinafanana na za kwako kwa herufi moja.

Keki za Mama Nuru
Nimekuta mbili. Moja yangu, nyingine ya kijana aliyetuacha mwaka juzi, bado mmiliki. Namtoa sasa hivi.

Developa Njaa
Mtoe na faili lake la uthibitisho ulitafute ulifute, kisha badilisha nywila ya hosti leo leo. Ukikwama niandikie, hiyo sikutozi.