Naombeni ushauri, neno "run" nimfundisheje mdogo wangu?

Habarini wakuu. Mdogo wangu yuko form two, jioni huwa namsaidia kingereza, sasa juzi kwenye kitabu kakutana na "my nose is running" pembeni kwenye daftari kaandika kwa penseli "pua yangu inakimbia". Nikamwambia hapana, hapo maana yake anatokwa na kamasi, akaniuliza mbona ulisema run ni kukimbia? Nikakwama, maana kuna kuendesha biashara, kugombea urais, kuishiwa sukari, bomba kuachwa wazi, kote huko ni run hiyohiyo.

Kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989 neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set", maana kama 430, baadae walivyopitia upya kitenzi "run" kikafika 645! Sasa mtoto atakariri ngapi?

Nimejaribu kumlinganishia na "piga" yetu, piga simu, piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga kura, hakuna anayechapwa hapo na hakuna aliyetukaririsha, tumezisikia tu nyumbani. Hapo alielewa kidogo. Ila kingereza yeye nyumbani hakisikii na mtihani unakaribia.

Walimu mliomo humu, nianze na ile maana ya kitu kwenda bila kusimama, maji, mashine, biashara, nyingine zifuate, au nimpe tu sentensi nzimanzima chache kila siku azizoee? Na kuna kamusi gani inafaa level yake?